Riwaya za Filamu za Mitumba: Tuzipime kwa Mzani Gani?

Utangulizi

Katika uhakiki wetu kuna vitabu ambavyo havifundishwi, havijadiliwi, wala havipigwi marufuku. Vipo tu. Ukipita kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaotandika maturubai kando ya barabara hapa Dar es Salaam, utavikuta vimebanwa katikati ya vitabu vya uhasibu vya mwaka 47 na kamusi zilizopoteza herufi A yote. Ni vitabu vidogo vya Kiingereza vyenye jalada jepesi. Karatasi zake zimegeuka rangi ya chai, na jaladani kuna picha ya mwigizaji ameshika bastola au amemkumbatia mwanamke. Juu ya picha hiyo mchapishaji anatamba kwamba kisa hiki sasa ni filamu kubwa. Katika makala haya nitaviita riwaya za filamu.

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikivikusanya. Ninavyo sitini na kidogo, vyote vimenunuliwa kwa fedha ambayo wenzangu wa chumbani wanaamini ingepaswa kuishia kwa mama ntilie. Swali lao ni lile lile kila ninaporudi na kimoja kipya: "Hivi kweli mtu wa Fasihi unanunua hizo takataka?" Wanatania, lakini utani huo umebeba hukumu ya kihakiki. Takataka kwa kipimo gani? Nani alipima, na alitumia mzani upi?

Hoja yangu ni hii. Riwaya ya filamu inaonewa kwa sababu inapimwa kwa mizani miwili isiyoihusu: ama mzani wa riwaya ya kawaida, ambayo hutazamiwa izaliwe na mtunzi mmoja mwenye dira yake, ama mzani wa filamu, ambapo kitabu huulizwa kama kimeinakili vizuri. Mzani unaofaa tunao sisi wenyewe, tena tulifundishwa mwaka wa kwanza kabisa. Ni mzani wa fasihi simulizi.

Tusichanganye mafungu

Kabla ya kupima, tujue tunachopima. Chini ya jalada lenye picha ya filamu hujificha mafungu matatu ya vitabu, na anayeanza kukusanya asipoyatenganisha atajikuta analinganisha embe na chungwa.

Fungu la kwanza ni kitabu kikongwe kilichovikwa shati jipya. Karen Blixen alichapisha Out of Africa, kumbukumbu za maisha yake kwenye shamba la kahawa huko Kenya, mwaka 1937. Filamu ilipotoka mwaka 1985 kitabu kikachapwa upya kikiwa na sura za Meryl Streep na Robert Redford jaladani. Ndani ni maneno yale yale. Kadhalika King Solomon's Mines ya Rider Haggard ya mwaka 1885, ambayo wazee wetu waliisoma kwa Kiswahili kama Mashimo ya Mfalme Sulemani, imeshawahi kufanywa filamu zaidi ya mara moja. Jalada la filamu halikuifanya kuwa kitabu kingine.

Fungu la pili ni riwaya iliyoandikwa kutokana na mswada wa filamu. Hapa filamu ndiyo mama na kitabu ndicho mtoto, ingawa mara nyingi mtoto hutangulia kutembea. Mwandishi hukodiwa, hupewa mswada, na hupangiwa muda mfupi ili kitabu kiwe dukani filamu inapotoka. Kwa kawaida anaandika kabla filamu haijakamilika, na pengine bila kuona hata kipande chake. Ukweli huu ukumbukwe, maana hoja nyingi zitakazofuata zinauegemea.

Fungu la tatu ni kitabu na filamu vilivyokua pamoja. Arthur C. Clarke na Stanley Kubrick walifanya kazi bega kwa bega katika 2001: A Space Odyssey, na vyote viwili vikatoka mwaka 1968. Hata hivyo chombo cha angani katika filamu kinakwenda Mshtarii, ilhali katika kitabu kinaendelea hadi Zohali. Graham Greene naye aliandika kisa cha The Third Man kwanza kama maandalizi ya mswada. Filamu ikatoka mwaka 1949, kitabu kikafuata mwaka 1950.

Fungu la kwanza halina ugomvi na mtu, na la tatu limepata heshima kwa sababu ya majina ya watunzi wake. Linalotupwa ni la pili.

Bei si thamani

Mkusanyaji wa Marekani au Uingereza anaponunua kitabu cha namna hii hutazama mambo matatu: ni chapa ya ngapi, kiko katika hali gani, na ni adimu kiasi gani. Hufungua ukurasa wa haki za mchapishaji akatafuta mstari wa tarakimu. Vitabu vingi vya tangu miaka ya 1970 vina mstari unaoshuka kutoka 10 hadi 1, na tarakimu ndogo kabisa iliyobaki ndiyo inayotaja chapa. Ikiwa 1 ipo, mkusanyaji anatabasamu. Ikiwa mstari unaishia kwenye 7, anakirudisha.

Chukua Star Wars. Kitabu kilichapishwa na Ballantine mwishoni mwa mwaka 1976, miezi kadhaa kabla ya filamu ya Mei 1977, wakati ambapo hakuna aliyejua jina hilo lingekuja kuwa nini. Chapa ile ya kwanza inatafutwa kwa udi na uvumba. Chapa za baadaye, zilizotoka baada ya dunia kupagawa na filamu, zimejaa kila mahali, na nakala yangu ni mojawapo. Niliipata kwa bei ya soda mbili. Sasa niulize: maneno yaliyomo katika nakala ya tajiri yanazidi yaliyomo katika yangu? Hata kidogo. Bei inapima uchache wa karatasi. Haipimi utungo.

Kuna ushahidi mwingine wa jambo hili. Katika biashara ya vitabu vya jalada jepesi huko Marekani, muuzaji aliyeshindwa kuuza kitabu hakulazimika kukirudisha kizima. Alichana jalada, akalirudisha kwa mchapishaji ili apewe fedha zake, na kiwiliwili kikatakiwa kuharibiwa. Ndiyo maana vitabu vingi vya huko vina onyo ukurasa wa mwanzo kwamba nakala isiyo na jalada huenda imepatikana kwa njia ya panya. Machoni pa mfumo huo, jalada ndilo bidhaa na utungo ni maganda. Mkusanyaji wa bei anakubaliana na mfumo huo moja kwa moja. Mhakiki akikubaliana nao atakuwa ameuza kazi yake.

Muuzaji wetu wa mitumba hapangi bei kwa chapa. Anapima unene wa kitabu kwa vidole, anaangalia jalada, anakutazama na wewe usoni, kisha anataja. Katika soko hilo mtu wa boom anaweza kusoma kile ambacho kwingine kimefungiwa kabatini, nyuma ya kioo.

Kitabu kinachokumbuka kilichokatwa

Kwa kuwa mwandishi wa riwaya ya filamu hufanyia kazi mswada na si filamu iliyokamilika, kitabu chake huhifadhi mambo ambayo mhariri wa filamu aliyakata baadaye. Hii ndiyo thamani ya kwanza, na haihitaji mapenzi kuiona.

Riwaya ya King Kong iliandikwa na Delos W. Lovelace ikatoka Desemba 1932, filamu ikaonyeshwa Machi 1933. Katika kitabu meli inaitwa Wanderer, katika filamu inaitwa Venture. Kitabuni mabaharia wanaoanguka bondeni wanavamiwa na buibui wakubwa, tukio ambalo halimo katika filamu tunayoijua na ambalo vipande vyake havijapatikana. Anayetaka kulijua tukio hilo, mojawapo ya njia zake ni kumsoma Lovelace.

Star Wars nayo ni hivyo hivyo. Kitabuni Luke anaonekana mapema akiwa na rafiki yake Biggs huko kwao, na Han Solo anakabiliwa na mdai wake Jabba. Matukio hayo yalikatwa mwaka 1977. Lile la Jabba likarudishwa katika toleo la filamu la mwaka 1997, miaka ishirini baadaye, na watazamaji wakashangaa. Msomaji wa kitabu hakuwa na cha kushangaa. Hata kikosi cha Luke, ambacho katika filamu ni Chekundu, kitabuni ni cha Buluu.

Mfano mzito kuliko yote ni London After Midnight. Ilikuwa filamu ya Tod Browning ya mwaka 1927, mwigizaji mkuu akiwa Lon Chaney. Nakala ya mwisho iliyojulikana iliteketea katika moto wa ghala la kampuni ya MGM miaka ya 1960. Leo hakuna anayeweza kuitazama. Zimebaki picha za mnato, mswada, na riwaya ya Marie Coolidge-Rask iliyotolewa mwaka 1928 na Grosset & Dunlap, kampuni iliyojijengea jina kwa vitabu vya filamu vyenye picha ndani. Kitabu kilichotungwa ili kuitangaza filamu kimeishi kuliko filamu. Mtangazaji amebaki, bwana wake hayupo.

Jambo hili haliko mbali nasi. Maktaba moja niliyokuwa nikiitumia iliondoa rafuni vitabu vya namna hii kwa mkupuo, vikafungwa kwa kamba na kuuzwa kwa kilo. Nilipouliza, jibu lilikuwa fupi: si fasihi. Hakuna aliyefungua hata kimoja kuona kama ni fungu la kwanza, la pili au la tatu. Jalada lilitosha kuwa shahidi, mwendesha mashtaka na hakimu. Makosa ya kuhukumu kwa jalada ni yale yale, awe anayeyafanya ni mkusanyaji anayelilipia au mkutubi anayelitupa.

Fanani aliyekodiwa

Ushahidi peke yake ungetufanya watunza makumbusho tu. Nadai zaidi ya hapo: kwamba katika vitabu hivi mna usanii, na kwamba tunashindwa kuuona kwa kuwa tunautafuta pasipo.

Tukumbuke tulivyofundishwa kuhusu ngano. Hakuna anayeuliza ngano ya Sungura na Fisi "halisi" ni ipi. Kisa kinajulikana na hadhira inajua mwisho. Tunachompimia fanani ni jinsi alivyokitia uhai: alichoongeza, alichopunguza, alipotulia, alipotia chumvi, alivyoisoma hadhira yake. Na hata filamu tumeshazitendea hivyo. Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili katika kanda za video, na huko Kenya DJ Afro akajipatia umaarufu kwa kazi ya aina hiyo. Anayemsikiliza Lufufu hamlaumu kwa kutofuata Kiingereza neno kwa neno. Anamsifu pale anapompa jambazi wa Hong Kong maneno ambayo yangeweza kutoka Manzese.

Mwandishi wa riwaya ya filamu ni fanani wa namna hiyo. Amepewa kisa kisicho chake, hadhira yake inakijua au itakijua, na nafasi yake ni katika kusimulia. Tumtazame kwa jicho hilo.

Christopher Wood aliandika riwaya ya filamu ya James Bond ya mwaka 1977, The Spy Who Loved Me. Ian Fleming alikuwa na riwaya yenye jina hilo hilo, lakini kisa chake kilikuwa tofauti kabisa, kwani aliruhusu jina tu litumike katika filamu. Kwa hiyo Wood alijikuta na filamu isiyo na kitabu. Katika filamu, jitu lenye meno ya chuma, Jaws, ni kitisho tu: linatokea, linauma, linapotea. Wood analipa jina la kuzaliwa na maisha ya nyuma. Ghafla jitu lina mahali lilikotoka. Kamera ingehitaji dakika nyingi na fedha nyingi kufanya hivyo. Fanani anahitaji aya chache tu.

Alan Dean Foster alipoandika riwaya ya Alien, iliyotoka mwaka 1979, ameeleza kwamba studio ilikataa kumwonyesha sura ya zimwi lenyewe. Fikiria kazi hiyo: kusimulia ngano ya zimwi bila kujua zimwi linafananaje. Matokeo yake kitabu hakilichori. Kinakaa na watu, na hofu yao, na kelele za mitambo. Filamu inatisha kwa kinachoonekana, kitabu kinatisha kwa kisichosemwa. Upungufu wa fanani umekuwa mbinu, kama ilivyokuwa kwa bibi zetu ambao hawakuwahi kuliona zimwi hata siku moja.

Kisha kuna David Morrell. Katika riwaya yake First Blood ya mwaka 1972 Rambo anakufa mwishoni. Katika filamu ya mwaka 1982 Rambo haguswi na mauti, biashara ilimhitaji. Mwaka 1985 akaandika Morrell huyo huyo riwaya ya filamu ya pili, na ikambidi amfufue maiti wake mwenyewe, akianza kwa kumkumbusha msomaji kwamba kwake yeye mtu huyu alishazikwa. Sijui mfano bora kuliko huu wa mwandishi kugeuzwa fanani wa kisa alichokuwa akikimiliki.

Naye Greene, aliyekuwa mkubwa kuliko hao wote kwa sifa, alikiri waziwazi katika dibaji yake kwamba filamu ya The Third Man ni bora kuliko kisa alichokiandika. Kitabuni mwanamume na mwanamke wanaondoka makaburini wameshikana mikono. Katika filamu mwanamke anampita kama mti. Greene alikubali kwamba mwongozaji, Carol Reed, ndiye aliyekuwa na haki. Fanani mkweli hujua ni lini mwenzake amesimulia vizuri zaidi.

Mapingamizi

Nategemea mapingamizi matatu, nami nitayajibu kwa ufupi.

La kwanza: hizi ni bidhaa za kibiashara. Ni kweli, na hapa ndipo mlinganisho wangu na fasihi simulizi unapochechemea. Ngano ni mali ya jamii. Kisa cha filamu ni mali ya kampuni, na fanani wake ni kibarua. Jaladani mwa Star Wars limeandikwa jina la George Lucas, ilhali aliyeandika ni Foster. Lakini jibu la unyonyaji huo haliwezi kuwa kumdharau kibarua. Mhakiki anayejali jasho ana wajibu wa kumrudishia fanani jina lake, kisha amhakiki kwa jina hilo.

La pili: zinaeneza kasumba. Nalikubali bila kigugumizi. Wenyeji wa kisiwa katika King Kong ya Lovelace wamechorwa kama washenzi wanaotoa kafara, na yeyote mwenye ngozi kama yangu anajua mchoro huo unamlenga nani. Rambo wa 1985 anashinda kwenye karatasi vita ambavyo nchi yake ilishindwa Vietnam. Lakini kutupa kitabu hakufuti picha hiyo. Filamu bado inaonyeshwa. Kitabu, kwa kuwa kinalazimika kusema kwa maneno kile ambacho filamu inakipitisha kwa macho, kinaianika itikadi hiyo mahali tunapoweza kuipigia mstari kwa kalamu. Kwa mhakiki, hiyo ni faida.

La tatu: nyingi ni mbovu. Naam, ni mbovu. Katika zangu sitini na kidogo, kama arobaini ni mazungumzo ya mswada yaliyounganishwa kwa "alisema" na "akajibu", hakuna fanani ndani. Lakini hata katika kundi la fanani wa kijijini si wote walioijua kazi. Tusisahau pia kwamba riwaya za Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona ya mwaka 1974, zilibezwa na wengi kama vitabu vya kupoteza muda. Leo fasihi pendwa ina mihadhara na tasnifu. Willy Gamba hakubadilika hata nukta moja. Sisi ndio tulibadili mzani.

Hitimisho

Napendekeza basi kwamba anayeokota riwaya ya filamu kwenye turubai aiulize maswali matatu. Je, inakumbuka nini ambacho filamu imekisahau? Fanani wake ameongeza nini ambacho kamera haikuweza kukifikia? Na anapolazimika kusema kwa maneno, anaifichua itikadi gani ya waliomkodi? Kitabu kinachojibu hata moja kati ya hayo kina thamani, kiwe na jalada au kisiwe nalo, kiwe chapa ya kwanza au ya ishirini. Kisichojibu lolote, basi, kirudi kwenye turubai, na muuzaji apate wake.

Tumezoea kuazima nadharia kutoka nje ili kuzipimia kazi zetu. Hapa tunayo nafasi ya kufanya kinyume chake: kuchukua kipimo kilichozaliwa katika masimulizi yetu na kukitumia kwa bidhaa ya Hollywood ambayo wenyewe walioizalisha wameshindwa kuithamini isipokuwa kwa dola. Nadhani kipimo kinafanya kazi. Anayeona kinapwaya, kurasa za jarida hili ziko wazi, na vitabu vyangu vinaazimwa, ila virudishwe.